Siku ya Tatu Mtoni Ruvu

Ukingoni mwa Ruvu, chini ya Kwala

Dada Mwanne, shikamoo.

Mimi mzima. Nina mtumbwi wa kukodi, hema na unga wa kutosha. Nyani wameniibia chumvi tu. Shemeji yako Seifu anasema nimechanganyikiwa, kusafiri mtoni peke yangu. Labda. Tangu tumzike mwanetu, nyumba ile hainikaliki. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka.

Jana kiboko aliibuka mbele ya mtumbwi. Nilipiga kafi mpaka viganja vikachubuka, huku napiga kelele, "Sitaki kufa!" Nilipofika ukingoni nililia sana, dada, kwa sababu miezi minne yote nilidhani nataka.

Ijumaa narudi Kurui. Hili Seifu nitamweleza mwenyewe.

Mdogo wako,
Raudha