Goli Lililorukwa

Jumapili, 4 Mei

Nimefagia kibanda changu cha kuonyeshea mpira, nimepanga mabenchi. Mechi ya jana imo kwenye kompyuta. Wateja wangu wengi ni wa mahoteli ya Watamu, jioni wako kazini. Jumapili alasiri huja huku Magarini kuitazama kama mpya. Simu zote kapuni, mlangoni. Anayetaja matokeo hutolewa kwa mateke. Sheria yangu.

Picha inaruka tena. Programu hii ya kurekodi ni ya bure, yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kuitengeneza. Nitaitengeneza. Leo sina nafasi.

Jumatatu, 5 Mei

Jana picha iliruka, kurudi, Buluu wanaongoza moja bila. Goli hakuna aliyeliona. Karisa, yule wa bodaboda, shabiki wa Buluu kufa kupona, akasema ndugu yangu Kahindi, aliyekuwa kwenye kompyuta, amelikata makusudi. Kahindi ni wa Wekundu, na mdomo wake haujui breki.

"Goli la mkono hilo," akamjibu. "Hata mashine imelikataa."

Watu wakacheka. Karisa akavunja chupa ya soda kwenye benchi, akamchoma nayo usoni. Damu mpaka kwenye skrini. Nilimpiga Karisa kwa kiti, meno yakamwagika. Walinishika wanaume wanne. Ningemuua. Sijuti.

Jumanne, 6 Mei

Hospitali, Malindi. Jicho la kushoto halitaona tena. Daktari alisema kwa upole. Nilitaka kumpiga na yeye.

Jumatano, 7 Mei

Binamu zetu wamefika kutoka Jilore na mapanga. Wameyanoa uani kwangu, nami nikawapikia chai. Bodaboda ya Karisa wameshaichoma. Wanajua amejificha Mambrui kwa shangazi yake.

Kahindi, bandeji kichwa kizima, amewazuia walipokwenda kumwona wodini. "Hamwendi mpaka nilione hilo goli. Kama ni la mkono, nimetolewa jicho kwa kusema kweli, nendeni."

Wamempa hadi Jumapili. Wazimu mtupu. Mtu katolewa jicho, goli la nini? Lakini aliyeumia ni yeye. Na wa kulitoa goli hilo ni mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimelipata, mwanaharamu. Programu ina sehemu ya kuruka matangazo. Nembo ya stesheni ikitoweka pembeni, inadhani ni tangazo. Goli likifungwa, stesheni hulirudia polepole bila nembo. Basi programu inadhani pale wanauza sabuni. Inaruka, tena inaanza kuruka mapema, kabla mpira haujaingia. Goli zima limo, halichezwi tu.

Nimeiandika upya sehemu hiyo. Sijatazama. Nimeomba liwe la mkono. Mungu anisamehe, au basi.

Jumapili, 11 Mei

Kibanda kitupu. Kahindi benchi la mbele, kaugeuza uso ili jicho la kulia lione. Binamu nyuma, wamesimama na mapanga yao.

Picha haikuruka. Krosi ikaja, mtu wa Buluu akaruka juu ya wote.

"Rudisha," Kahindi alisema. Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena.

"Kichwa safi."

Akawaambia binamu waende nyumbani. Wameondoka bila kuaga, chai wameiacha. Mimi bado namtaka Karisa afe, nisijidanganye.

Kahindi ameomba tuimalize mechi. Wiki nzima wodini alikataa kuambiwa ilivyokwisha. Mimi najua. Nimekaa kando yake, nikaitazama kama mpya.