Kijiko cha Kumi na Mbili cha Mjane wa Ashcraft

Mpendwa Bi Verbena,

Naomba msaada wako, na tafadhali usilitoe jina langu, kwani hapa Pleasant Fork watu husoma safu yako kabla hata ya matangazo ya vifo. Mimi ni mzee mstaafu, mke wangu alishafariki, na starehe yangu pekee iliyobaki ni vijiko vya kale vya fedha ya sarafu, vile ambavyo watu wa zamani wa hapa Kentucky walimpelekea mfua fedha sarafu zao akaziyeyusha akawafulia vijiko, maana benki za enzi zile hazikuaminika, na kijiko angalau kina herufi za mwenyewe, mwizi akikiiba anajulikana. Sivitumii, naomba nieleweke, kijiko kama hicho hakitiwi mdomoni, kinatazamwa.

Nina vijiko kumi na kimoja vya mfua fedha Quisenberry wa Lexington, vyenye herufi M.T., yaani Malinda Tevis, aliyeolewa mwaka 1838, ambaye wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alivifukia chini ya sakafu ya banda la kukaushia nyama, majeshi yote mawili yakapita, yakala nyama, yakaacha vijiko, huyo ndiye mwanamke, Bi Verbena. Cha kumi na mbili nilikitafuta nusu ya umri wangu, kila mnada, kila nyumba ya marehemu, mpaka siku mjane wa marehemu Buford Ashcraft aliponikaribisha kahawa baada ya ibada, nikakikuta kimesimama ndani ya bakuli la sukari, ndani ya sukari, nusura nizimie! Nikamwomba aniuzie, akacheka, akasema, "Nikikuuzia, Harlan, kahawa nitaikoroga na nini, kidole?"

Basi tangu siku hiyo nikawa naenda kwake kila Jumapili, si kwa ajili yake, naomba nieleweke, ni kwa ajili ya kijiko. Yeye huandaa nyama ya paja la nguruwe na pai ya njugu za pekani, hunisikiliza nikimsimulia habari za Malinda Tevis mpaka jua linazama, na nikimaliza husema, "Haya, nirudie pale pa banda la nyama," nami humrudia, jicho moja likiwa kwenye bakuli la sukari.

Mwezi huu shetani akanishinda. Aliingia jikoni kukata pai, nikachomoa kile kijiko nikatumbukiza kingine nilichokuja nacho mfukoni, si kimoja cha wale kumi na kimoja wa Malinda, ila cha Quisenberry huyohuyo, umbo lilelile, herufi zimefifia kiasi kwamba bila kioo cha kukuzia huzisomi. Tofauti pekee ni kwamba ncha ya chake imelika upande wa kulia na ya changu imelika upande wa kushoto, jambo ambalo mtu asiye mkusanyaji hawezi kuling'amua hata siku moja.

Nikafika nyumbani nikavipanga vyote kumi na mbili mezani juu ya kitambaa cheusi, nikakaa nikingoja furaha, na furaha haikuja, Bi Verbena, vilikuwa vijiko tu, nikainua kichwa nimsimulie mtu na hapakuwa na mtu, na mtu pekee ninayemjua ambaye angependa kusikia ni yuleyule niliyetoka nyumbani kwake.

Jumapili iliyofuata nikaenda kama kawaida. Akachukua kijiko kwa mkono wake wa kushoto kama ilivyo desturi yake, akakoroga, akasita, akakitazama, akakiweka pembeni taratibu, akaenda jikoni akarudi na kijiko cha chuma.

"Vipi, bibi, kahawa ina kasoro?" nikamuuliza.

"Kahawa haina kasoro, Harlan," akasema. "Wewe kula pai yako."

Akaniongezea kipande. Nilipokuwa navaa kofia akaniambia, "Jumapili ijayo nina jambo la kukuuliza. Usije ukakosa."

Sasa nipo njia panda. Nahisi anataka ndoa, wajane ndivyo walivyo, na mimi sikwenda pale kwa hayo. Nisipokwenda atajisikia vibaya, na pia sijui Jumapili nitakwenda wapi kwingine. Na hicho kijiko, je, kuna haja ya kukirudisha ikiwa mwenyewe hajui kwamba kimeondoka?

Wako,
Mkusanyaji Mwaminifu

*

Mkusanyaji Mwaminifu,

Hilo jina umejipa wewe, mimi simo. Na uliniomba nikufichie jina: la ukoo nimelificha, la kwanza umelimwaga mwenyewe humo baruani, nami nimeona si vyema kuharibu kazi ya mikono yako.

Nianze na pole. Ile meza, kile kitambaa cheusi, na kuinua kichwa ukakuta hakuna mtu: nimepasoma hapo mara mbili na nimekuhurumia kwa dhati. Ungeishia hapo ningekujibu kwa upole. Hukuishia hapo.

Eti hajui! Bwana Harlan, umenifundisha wewe mwenyewe kwamba herufi zilichongwa ili mwizi ajulikane, kisha ukaenda kuiba chenye herufi. Sawa, tuseme herufi hazionekani. Umeniambia chake kimelika kulia. Mistari michache baadaye umeniambia anakoroga kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto hula ncha upande wa kulia. Wewe uliyemaliza nusu ya umri ukikodolea macho ncha za vijiko, hukujiuliza kile kimeliwa na mkono wa nani? Ni wake! Miaka yote hiyo ya kahawa, ni yeye aliyeilainisha ile ncha hadi ikamkubali. Ukamwachia kijiko kilicholiwa na mkono wa mtu mwingine, na kilipogusa tu chini ya kikombe akajua, kama wewe unavyojua ukivaa kiatu cha mwenzio gizani. Mkusanyaji mzima umeangalia muhuri, umeangalia herufi, umeangalia umbo, ukasahau kumwangalia mwenye kijiko.

Kwa hiyo anajua. Alijua pale pale mezani, nawe umeketi mbele yake unauliza kama kahawa ina kasoro. Na akakuongezea pai! Mimi ningempigia sherifu simu, pai nikaila mwenyewe nikimsubiri.

Kuhusu ndoa, hebu tulia, bwana harusi. Mwanamke aliyeibiwa mezani kwake akisema ana jambo la kukuuliza, kwa kawaida si ukubwa wa pete. Amekupa wiki nzima ili umtangulie kusema, asije akalazimika kukuita mwizi nyumbani mwake. Wewe umeipokea hiyo heshima ukaifikiria kuwa ni uchumba. Kujipenda nako ni kipaji.

Halafu unaniambia hukwenda kwa ajili yake. Vizuri. Kijiko si umekipata? Kaa nacho basi. Jumapili kitazame, kisimulie habari za banda la nyama, kikisema "nirudie" uniandikie. Lakini unaniuliza utakwenda wapi kwingine, na hilo ndilo swali pekee la kweli katika barua yako yote, nawe umelipenyeza katikati ya maneno kama ulivyopenyeza kile kijiko mfukoni.

Sasa fungua masikio. Usikirudishe kimyakimya, najua ndilo wazo linalokujia sasa hivi, kusubiri aingie jikoni ubadilishe tena. Mkono ukishazoea kuingia katika bakuli la mtu, usiupe nafasi ya pili. Jumapili chukua kikapu, weka vyote kumi na mbili. Ndiyo, vyote. Kaa chini kwanza upumue. Ukifika mlangoni, kabla hujaingiza mguu, sema: "Nilikuibia." Useme hivyo hivyo. Usiseme ulikiazima, usiseme ulikuwa unakihifadhi, na shetani mwache apumzike, siku hiyo hakuwa na mfuko wa koti.

Akikufukuza, mpe chake na uende zako. Umestahili, na nisione barua yako ya kulalamika. Akikukaribisha, vipange mezani pake, chake akishike yeye kwa mkono wake wa kushoto, nanyi mle pai kwa vijiko hivyo. Vikilika, vilike. Malinda Tevis hakuvifukia chini ya banda ili siku moja mzee mmoja avilaze juu ya kitambaa cheusi kama maiti. Alivifukia ili vita vikiisha watu wakae tena mezani.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikujibu. Umeniandikia jina la mfua fedha. Umeniandikia jina la bibi harusi aliyekufa kabla babu yako hajazaliwa, pamoja na mwaka alioolewa. Buford Ashcraft amelala makaburini, naye ana jina. Nimeipekua barua yako mbele na nyuma nikitafuta jina la mwanamke anayekukatia pai kila Jumapili na kukuomba umrudie hadithi aliyokwisha kuisikia, sikulipata. Mwanzo ni "mjane", mwisho ni "bibi".

Kwa hiyo pale mlangoni, ukishasema "nilikuibia", neno la pili liwe jina lake. Na kama hulijui, muulize hapo hapo, kabla yeye hajakuuliza la kijiko.

Bi Verbena