Ndara za Watu Watatu

Malindi, Ijumaa usiku, 1984

Athumani bado hakubali. Swali lenyewe jepesi: sisi watatu tumevua ndara mlangoni pake, stima imezimika, kila mtu avaa jozi atakayoipapasa. Kuna uwezekano gani asiwepo hata mmoja aliyepata zake?

Yeye kashikilia nusu. Mimi na Kazungu tukazipanga ndara zenyewe sakafuni, njia zote sita. Ni mbili tu zinazofaa. Theluthi basi.

"Mwanichafulia mkeka bure," akasema, akatuongezea kahawa.

Kazungu ahamia Kilifi kesho, amepata kazi. Jioni nzima hakuna aliyelitaja hilo.

Ndara za watu wawili, ama kila mtu avaa zake, ama wabadilishana. Nusu kwa nusu. Kuanzia kesho jibu la Athumani ndilo sahihi, na sina hamu ya kumwambia.