Karatasi Zilizoungwa Vibaya

Siku ya Sungura, mwezi wa nne, tarehe 3

Mvua tangu alfajiri. Gundi ya mchele haitaki kukauka. Nimeunga kurasa tatu tu – zambarau kwa kijani, katikati ukanda mweupe wenye vumbi la fedha. Kingo nimezichana kwa vidole, si kwa kisu, ili nyuzi zishikane na mtu akipapasa asijue karatasi moja inaishia wapi. Ndivyo alivyonifunza Shangazi Ukon, kwa makofi ya mgongoni.

Kitabu ni cha mashairi ishirini, zawadi ya mama yake Waziri, anayetimiza miaka sitini. Mimi naunga, Baba anaandika. Tarehe 15 kinatakiwa.

Baba kaniinulia ukurasa hadi puani. Haya, hii rangi gani? Eti ananipima! Siku ya nne sasa ananipima, mzee huyu.

Siku ya Nyoka, tarehe 5

Leo nimejua. Baba kaandika shairi la kwanza, mstari wa pili ukapanda mgongoni mwa wa kwanza. Akauliza limekaaje. Nikasema limekaa vizuri. Sijamdanganya Baba tangu utotoni, nilipokula matunda ya sadaka.

Macho yake yamekwisha. Kwa Waziri wakisikia, kazi watampa mwingine, na Baba bila brashi sijui ataishi vipi. Ukurasa nimeuficha chini ya mkeka.

Siku ya Farasi, tarehe 6

Nimepata! Nimeunga vibaya makusudi. Kisu, gundi nzito, ukingo juu ya ukingo, hadi maungio yakatuna kama mishipa ya mkono wa mzee. Yanashuka wima kama maandishi yenyewe, kila mstari na njia yake.

Nikamwambia huu ndio mtindo wa mjini siku hizi. Akapitisha kidole cha kushoto, juu hadi chini.

– Mtindo mbaya kweli, mwanangu.

Kisha akaandika. Kidole mbele, brashi nyuma yake. Mistari imenyooka, na ule mkono wake mzuri umerudi wote. Nimelia nikasingizia moshi wa jikoni. Nampenda mzee huyu hadi naona aibu kuandika.

Rangi hakuniuliza tena.

Siku ya Jogoo, tarehe 9

Kurasa kumi na nne! Baba kala samaki wawili wa mtoni, kanicheka ninavyokoroma. Sikoromi.

Siku ya Mbwa, tarehe 10

Shangazi Ukon kaja bila taarifa. Yeye ndiye mtumishi mkuu wa mama yake Waziri, na kitabu kitapita mikononi mwake. Hata salamu hazijaisha, kidole kiko juu ya ukurasa. Kikasimama kwenye ungio.

– Nani kaunga uchafu huu?

Nikisema sababu, nimemmaliza Baba. Nisiposema, nimekwisha mimi. Shangazi alishaapa kwamba kwa kazi kama hii sitashika tena karatasi ya nyumba yoyote kubwa, na miaka kumi na miwili ya kazi yangu iende na maji. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, mkono umenizembea.

– Mimi, akasema Baba. Binti alikuwa na homa, nikaunga mwenyewe. Kama ni kugomba, nigombe mimi.

Mwongo mkubwa! Hajashika gundi tangu azaliwe.

Shangazi kamtazama kwa muda mrefu. Akachukua bakuli la gundi na vipande viwili vya karatasi, akavipanga mkekani mbele ya Baba. Haya, unga nikuone. Na mimi akanifukuza: wewe nenda kachemshe maji.

Sikuenda. Niko nyuma ya pazia la mianzi, naandikia gotini. Karatasi Baba kazipata. Bakuli hajaliona – anapapasa mkeka upande wa kulia, kidogo kidogo, kama mtu anayefuta vumbi tu. Anatabasamu kabisa, maskini. Mara ya pili sasa. Ya tatu.

Shangazi kaufunika mdomo kwa mkono wa kanzu yake. Sasa anainama. Sauti ni ya chini, sijaisikia tangu mazishi ya Bibi.

– Kushoto kidogo, kaka.