Rangi ya Kucha Kwenye Geji

Baba watoto,

Chakula nimekifunika. Gari jirani amelivuta mpaka uani, usithubutu kuliwasha.

Asubuhi, karibu na soko, mshale wa geji ya joto la oili uligusa ule mstari uliouchora kwa rangi yangu ya kucha. Wa presha ya oili nao ukalala chali kwenye sifuri. Nikakupigia, ukasema, "Geji hizo zinadanganya, wewe endesha tu." Si wewe uliyezifunga ulipobadilisha injini, ukaniapisha mshale ukigusa mstari nizime hata nikiwa katikati ya barabara? Basi nilizima katikati ya barabara. Nimepigiwa honi mpaka masikio yakaziba.

Nilipochungulia chini, paipu ya oili imechomoka, oili yote iko kwenye lami. Ulikuwa umeifunga kwa waya. Kumbe ndiyo maana waya wangu wa kuanikia nguo umekuwa mfupi.

~~Leo nalala kwa dada.~~ Nitarudi jioni, ila usinisemeshe kabla sijaoga.

Ninunulie rangi nyingine ya kucha, nyekundu ile ile. Injini yako imeponea kwenye kichupa changu, si kwenye mdomo wako.

Mama watoto