Mama Kwenye Kromu

Dada yangu,

Hapa nyumbani sote wazima, ila mlango wa jikoni bado unalia ukiguswa. Nakuandikia nikiwa chumba cha nyuma, jua la alasiri limejilaza juu ya redio kaseti ya baba kama paka.

Uliniomba nakala ya kanda ya marehemu mama akiimba. Ni kanda ya kawaida, lakini baba huicheza swichi ya aina ya kanda ikiwa kwenye "kromu", ile ya kanda za bei ghali, basi sauti inakuja nzito, ya mbali, kama mtu anayeimba nyuma ya pazia. Nilicheka peke yangu: fundi redio mzima, miaka thelathini, anakosea swichi! Nikaisogeza kwenye "kawaida".

Dada, ni kama mama aliingia chumbani. Nilisikia mpaka pumzi zake, na kila baada ya ubeti kikohozi kidogo, amekizuia kwa kiganja, ambacho kwenye kromu hakisikiki. Kikohozi kile wewe hukukisikia, ulikuwa umeshasafiri.

Kumbe baba amesimama mlangoni.

"Rudisha kwenye kromu, mwanangu," alisema taratibu. "Kule mama yenu haumwi."

Nimerudisha. Sasa niambie, nikurekodie ipi?

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba