Mawe ya Msingi Wako

Kipsing, Jumapili

Dada Jennifer,

Habari za Mombasa? Mbuzi wako amezaa mapacha. Msingi wa nyumba yako umefika magotini.

Machimboni kazi imesimama. Chini ya rundo la mawe tulilopakia kwenye lori wiki jana kumeonekana mifupa ya mtu na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Mama mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, amekuja. Nikamuuliza, "Huyu alikuwa nani? Alichunga nini?"

Akasema, "Hata mimi natamani kujua. Mawe ya juu yalienda wapi?"

Nilidhani wapakiaji wenzangu ndio waliyarundika. Kumbe, alivyonieleza, ni wapita njia wa miaka mingi, kila mmoja akimwekea marehemu jiwe, vile mama yetu alitufundisha.

Dada, lori lile lilishusha kwako. Niruhusu niubomoe msingi, nimrudishie mawe yake.

Mdogo wako,
Ekitela